Upupu: namna ya kuuondoa kiwanjani, kuvuna mbegu zake na kuzitumia bila kujidhuru

Upupu una hatari mbili, na wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza iko nje ya ganda: vile vinyweleo vinavyomfanya mtu mzima avue shati barabarani. Ya pili iko ndani ya mbegu. Hiyo haiwashi wala haina harufu, lakini ni levodopa, kemikali ileile ambayo hospitali humwandikia mgonjwa wa kutetemeka. Anayeuza unga wa upupu mjini mara nyingi amejitahidi sana kuondoa hatari ya kwanza, na ya pili hajaigusa kabisa. Mwongozo huu unaanzia kichakani na kuishia kwenye kijiko, kwa mpangilio huo.

KUUTAMBUA

Upupu, Mucuna pruriens kwa jina la kitaalamu, ni jamii ya mikunde. Hauna shina la kusimama. Hutambaa, hujiviringisha kwenye miti, nyaya na uzio, na ukipata pa kupandia hufika juu mita kadhaa. Kila jani lina vijani vitatu. Cha katikati kimekaa sawa, lakini viwili vya pembeni vimepinda, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Maua yake ni ya zambarau iliyokolea na huning'inia kwa vichala. Ganda lina urefu wa sentimita 4 hadi 10, unene wa kidole, limepinda kwa umbo la S na limefunikwa na manyoya ya rangi ya dhahabu au hudhurungi. Ndani mna mbegu tatu hadi sita hivi, zinang'aa, nyeusi au zenye madoadoa, na kila moja ina kovu jeupe lililoinuka pembeni.

Jijini Dar es Salaam utaukuta kwenye viwanja vilivyonunuliwa vikaachwa, hasa pembezoni: Mabwepande, Kibamba, Chanika, Kigamboni, na vichaka vya kuelekea Pugu na Kisarawe. Huota mvua zikianza, hukimbia wakati wa masika, na huchanua masika yanapoisha. Kuanzia Juni hadi Septemba maganda hukauka, wakati huohuo upepo wa kusi unavuma. Ndiyo maana mtu anaweza kupita njia ileile kila siku tangu Machi bila shida, halafu siku moja ya Julai akafika nyumbani anajikuna shingo bila kujua aligusa nini. Hakugusa kitu. Upepo ulimletea.

Usiuchanganye na mmea wa majani yanayochoma wa nyanda za juu kama Kilimanjaro. Ule huchoma kwa majani na shina, na maumivu yake hutokana na kemikali nyingine. Maelekezo ya hapa si yake.

Ukiwa na shaka, kata tawi lenye jani, ua na ganda, lichemshe au lifunge vizuri kwenye chupa, ulipeleke idara ya botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

KINACHOWASHA NI NINI

Ganda moja hubeba maelfu ya vinyweleo, kila kimoja kama milimita moja au mbili, kigumu na chenye ncha. Kinapochoma ngozi huacha kimeng'enya kinachoitwa mukunaini, ambacho huamsha moja kwa moja neva zinazopeleka hisia ya mwasho.

Kutokana na hilo unapata mambo matatu ya kufanyia kazi. Kwanza, mwasho huu haupiti kwenye histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, kwa hiyo vidonge vya mzio kama setirizini havisaidii sana. Mtu humeza viwili, vitatu, akaishia kusinzia huku anajikuna. Pili, kimeng'enya ni protini, na protini huharibiwa na moto. Ukichemsha nguo au ganda, vinyweleo vinabaki vikionekana vilevile lakini haviwashi tena. Tatu, ukavu hauviharibu. Ganda lililosahaulika stoo kwa miaka bado linawasha, na kochi lililokaliwa na mtu mwenye upupu litawasha wageni wa wiki ijayo.

UKISHAGUSWA

Kosa kubwa ni kujikuna, na la pili ni kukimbilia maji. Kujikuna huvunja vinyweleo na kuvisukuma ndani. Maji ya haraka na kiganja hueneza vilivyokuwa kwenye kiwiko hadi tumboni. Fuata mpangilio huu.

Ondoka hapo ulipo, uelekee upande ambao upepo unatoka. Simama. Fungua vifungo vya shati. Usilivute kupitia kichwani, maana utajipaka usoni na machoni. Kama ni fulana, ikatwe kwa mkasi mgongoni. Nguo zote ziingie kwenye ndoo au mfuko wa plastiki, ufungwe.

Ngozi ikiwa bado kavu, chukua selotepu pana, ibandike, ibonyeze, kisha ivute juu kwa mkupuo. Kipande kimoja kitumike mara moja tu. Ukikiangalia kwenye mwanga utaona vinyweleo vimelala juu ya gundi, vinameta. Rudia hadi kipande kitoke safi. Kama huna selotepu, donge la ugali mgumu uliopoa linafanya kazi hiyo: bonyeza, inua, usisugue, na ukimaliza lizike, lisiachiwe kuku wala mtoto. Wengine hujipaka matope, huyaacha yakauke kisha kuyabandua. Yanasaidia, ila usiyapake penye mikwaruzo, kwa sababu udongo ndio njia ya pepopunda.

Baada ya hapo ndipo uoge, kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila dodoki. Maji yawe ya kawaida au baridi. Tumesema moto huua kimeng'enya, lakini joto linalotosha kukiua litakubabua kwanza. Paka losheni ya kalamini au krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 sehemu zilizobaki na mwasho, au bandika kitambaa chenye maji baridi. Mafuta ya taa, limau na spiriti viache. Vinaongeza mchomo kwenye ngozi iliyokwisha chubuka.

Jicho ni suala jingine. Usilipikiche hata kidogo. Limwagie maji safi kwa dakika 15 bila kukatisha, likiwa wazi, kisha nenda hospitali yenye huduma ya macho hata kama limetulia, kwa sababu kinyweleo kilichonasa chini ya kope huendelea kukwaruza kioo cha jicho kila unapopepesa. Anayekohoa mfululizo, anayepumua kwa mlio au anayevimba midomo apelekwe hapohapo. Habari za selotepu zitangojea.

Nguo zilizofungwa zitumbukize kwenye maji yanayotokota, ukizisukuma kwa fimbo, na uziache zichemke dakika 15 hadi 20. Kuzikung'uta na kuzianika juani ni kuwagawia majirani. Sweta na taulo hushika vinyweleo kuliko kitambaa kingine chochote, na kama haziwezi kuchemshwa, ni bora kuzitupa.

KUSAFISHA KIWANJA

Wakati sahihi ni Aprili na Mei, kabla ya maua. Mche wa upupu mchanga hung'oka kirahisi udongo ukiwa umelowa, na ulioanza kupanda unatosha kukatwa shina chini kwa panga. Vilivyobaki juu ya mti vitakauka bila kutoa ganda. Kazi ya asubuhi mbili za masika inakuokoa na balaa la Agosti.

Watu wengi hata hivyo hukumbuka kiwanja wanapotaka kujenga, na wanataka kujenga kiangazi. Kama maganda yamekwisha kauka, vifaa ni hivi: koti la mvua la plastiki lenye kofia, suruali ya jinzi au kaki, buti za mpira, glavu ndefu za mpira, miwani iliyofunika pembeni, barakoa, na selotepu ya kufunga pale glavu inapokutana na mkono wa koti. Usivae kitu cha kufuma. Koti la plastiki linachemsha mwili, hiyo ni kweli, lakini vinyweleo havinasi juu yake na linaoshwa kwa mpira wa maji.

Anza saa 12 asubuhi, umande ukiwa bado upo na hewa imetulia. Saa 3 upepo wa baharini ukianza, acha. Jaza bomba la kupulizia dawa, lile la mgongoni, kwa maji lita 15 na vijiko viwili vya sabuni ya maji. Sabuni hufanya maji yashike kwenye manyoya badala ya kuteleza. Nyunyiza maganda kwa ukungu mwembamba hadi yalowe kabisa. Ukielekeza mkondo mkali wa maji utavirusha vinyweleo badala ya kuvilaza. Kata vichala kwa mkasi wa kupogolea, moja kwa moja ndani ya ndoo yenye maji. Nyunyiza tena kila yanapoanza kukauka. Shina likatwe mwisho.

Fyekeo na mashine ya kukatia nyasi visiingie hapo kabla ya maganda kutolewa. Fyekeo hupiga ganda likapasuka na kurusha vinyweleo kuanzia magotini hadi usoni mwa anayefyeka, na mashine hufanya hivyo maradufu.

Kuchoma moto ndilo jambo linaloonekana rahisi, na ndilo baya kuliko yote. Moto huua vinyweleo vilivyo katikati yake, lakini hewa ya moto inayopanda hubeba vile vya pembeni vikiwa vizima, na mtaa mzima utakohoa. Badala yake chimba shimo la nusu mita au zaidi, mimina maganda na maji yake, mwagia maji yanayotokota, fukia.

Mbegu zilizoanguka zina ganda gumu lisilopitisha maji upesi, ndiyo maana hazioti zote msimu mmoja. Rudi wiki mbili au tatu baada ya mvua za vuli kuanza, na tena baada ya masika, ung'oe miche. Panga kufanya hivyo kwa misimu kadhaa.

Kuna wanaouotesha makusudi kwenye uzio ili kuzuia wezi. Ushauri wetu ni kuacha. Mwizi huja mara moja na kusi huvuma miezi, na watoto wa jirani hawajafanya kosa lolote.

KUVUNA MBEGU

Vuna kama ilivyoelezwa juu: vifaa vilevile, saa zilezile, maji yaleyale. Chukua maganda yaliyokauka kwenye mmea lakini hayajapasuka. Yaliyo kijani yana mbegu laini zinazoota ukungu.

Namna ya kuondoa vinyweleo inategemea unachotaka kufanya na mbegu.

Kama mbegu ni za kuliwa au za kulisha mifugo, chemsha maganda mazima. Tumia sufuria au pipa ambalo halitarudi jikoni, maji yafunike maganda kabisa, yatokote dakika 20. Fanya nje, kwenye jiko la mkaa, usiinamie mvuke wa mwanzo. Yakipoa, pasua ukiwa na glavu, toa mbegu, suuza mara tatu.

Kama ni za kupanda au za dawa, kuchemsha hakufai: kunaua kiini na kuyeyusha sehemu ya levodopa ikaenda majini. Weka maganda kwenye ndoo yenye mchanga uliolowa, jaza maji, koroga kwa fimbo nene kwa dakika kumi, mchanga usugue. Mimina maji kwenye shimo, si kwenye mfereji. Rudia hadi ganda lionekane jeusi na uchi. Ndipo upasue, uoshe mbegu, uzianike kivulini juu ya karatasi siku tatu hadi tano. Mbegu iliyokauka vizuri hulia ikigongana na nyenzake.

Anayetaka mbegu za kufunika na kurutubisha udongo asijisumbue na hizi. Ipo aina ya upupu iliyoboreshwa isiyo na vinyweleo vya kuwasha, nayo ndiyo wakulima hupanda.

MBEGU KAMA DAWA

Mbegu ya upupu ina levodopa, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kuongoza mwendo wa mwili. Ilitambuliwa ndani ya mbegu hizi nchini India mwaka 1937, miaka kama thelathini kabla levodopa haijawa tiba ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Tiba ya jadi ya India ilikuwa imeitumia kwa watu wanaotetemeka muda mrefu kabla ya hapo, na kwa desturi mbegu hupikwa kwanza ndani ya maziwa, ikamenywa, ikakaushwa, ndipo ikasagwa.

Sasa hesabu ambayo wauzaji hawakufanyii. Mbegu kavu ina levodopa kati ya asilimia 3 na 6 hivi. Kijiko cha chai cha unga, kilichosawazishwa, ni kama gramu 3, sawa na milligramu 90 hadi 180. Kijiko cha chakula kilichojaa kinafika gramu 10, yaani milligramu 300 hadi 600. Kidonge cha hospitali kwa kawaida kina levodopa milligramu 100 au 250. Kwa hiyo anayeambiwa "vijiko viwili kwenye uji asubuhi na jioni" anameza dozi ya mgonjwa, na hajui kama mfuko wa leo una nguvu mara mbili ya ule wa mwezi uliopita, kwa kuwa kiwango hubadilika kwa aina ya mbegu na mahali ilipoota.

Kidonge kina kitu kingine ambacho unga hauna: kabidopa, inayozuia levodopa kugeuka dopamini kabla haijafika kwenye ubongo. Bila hiyo, sehemu kubwa hugeukia tumboni na kwenye damu. Matokeo ni kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio, na presha kushuka mtu anaposimama ghafla.

Je, inafanya kazi? Ndiyo. Mwaka 2004 wagonjwa 8 wa Parkinson jijini London walipewa gramu 30 za dawa iliyotengenezwa kwa mbegu hizi, ikaanza kufanya kazi baada ya dakika 35 hivi, wakati kidonge kilichukua kama 69. Lakini nchini Bolivia, wagonjwa 14 walipoitumia kwa wiki 16, nusu yao waliacha, kwa kusumbuliwa na tumbo au kwa hali ya mwili kuzidi kuwa mbaya. Hizo ni dawa zilizopimwa kiwango, chini ya madaktari. Unga wa mfuko haulingani nazo.

Kuhusu nguvu za kiume, jambo linalouza upupu kuliko yote: watafiti wa Lucknow, India, waliwapa wanaume wenye tatizo la uzazi gramu 5 za unga wa mbegu kwa siku, miezi mitatu, na ubora wa mbegu zao za kiume ukapanda. Huo ni uwezo wa kutungisha mimba. Kusimama ni habari nyingine, na mchuuzi akichanganya hayo mawili anajua anachofanya. Matangazo mengine huongeza sukari, presha na kuumwa na nyoka. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali; unga unampotezea saa anazozihitaji.

Vinyweleo navyo viliwahi kuwa dawa. Vilichanganywa na asali au sharubati na kumezwa ili vichome minyoo. Usifanye hivyo. Albendazo ipo kila duka la dawa kwa bei ya chini, na haimkwaruzi mgonjwa koo.

Ukiamua kutumia mbegu, fanya hivyo kupitia mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na daktari wako ajue. Taasisi ya Tiba Asili ya MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, ndipo mahali pa kuuliza habari za mimea ya namna hii. Unga uwe mkavu, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na mwanga. Ukigeuka mweusi, levodopa imeharibika, tupa.

Wasiopaswa kuutumia kabisa: wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, wenye ugonjwa wa moyo, wenye presha ya macho, waliowahi kupata saratani ya ngozi ya aina ya melanoma, na yeyote mwenye historia ya ugonjwa wa akili. Anayemeza haloperidoli au klopromazini atavuruga dawa zake, kwa kuwa hizo huzuia dopamini na upupu unaiongeza. Anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI anaweza kupandisha presha kwa kasi ya hatari. Wanaotumia dawa za kushusha presha nao wataona inashuka kupita kiasi, na wa levodopa ya hospitali watakuwa wamejiongezea dozi.

MBEGU KAMA CHAKULA

Mwaka 1989, wakati wa njaa katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 200 walichanganyikiwa akili kwa ghafla baada ya kula mbegu za upupu. Wenyeji wa huko walijua kuzipika: huchemshwa mara kadhaa, kila mara maji yakimwagwa. Mwaka huo maji yenyewe yalikuwa haba.

Kwa hiyo anayezila au kulishia kuku afuate utaratibu wote. Mbegu nzima ikichemshwa haitoi levodopa ya kutosha, kwa sababu ganda lake gumu huizuia. Ipasue kwanza kwenye kinu hadi iwe chenga ndogo. Loweka saa 24 kwa maji mengi, ukiyabadilisha angalau mara tatu. Chemsha saa moja, mwaga, weka maji mapya, chemsha tena. Maji ya kwanza hutoka meusi kama wino, na hiyo ndiyo levodopa iliyoungana na hewa. Endelea hadi yatoke na rangi hafifu. Supu yake isinywewe wala kupewa mnyama. Ng'ombe na mbuzi huvumilia mbegu mbichi kwa kiasi. Kuku na nguruwe hudumaa.

Mtu aliyekula mbegu au unga kisha akaanza kutapika mfululizo, kuona vitu visivyopo, kuzungumza ovyo, kurusha mikono bila kutaka au kuanguka anaposimama, mpeleke hospitali akiwa amelala ubavu. Beba mfuko wa unga au mbegu zilizobaki, pamoja na dawa zote anazotumia, na umwambie daktari waziwazi kwamba ni upupu, wenye levodopa, pamoja na kiasi alichokula na saa aliyokula. Ukificha kwa aibu, daktari ataanza kutafuta malaria.